Maji ya kisima yamekuwa rangi ya chai nilipotia klorini kwenye bwawa la watoto, msaada wakuu

Baba Mapacha:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimechoka. Nina kabwawa ka kuogelea kale ka kusimamisha juu ya ardhi, duara, upana mita 3, maji nimejaza kama sentimita 60 hivi kwa mpira kutoka kisimani. Yalitoka meupe kabisa unaona mpaka chini, watoto wakaoga wakafurahi, jioni nikatia klorini kama maelekezo yanavyosema, haikupita hata nusu saa maji yakawa kijani kijani halafu kahawia. Nikadhani ni uoto ule wa kijani nikaongeza klorini, ndio ikawa balaa zaidi. Nikamwaga yote nikajaza upya, yale yale. Katriji ya filta kila nikiiosha inatoa rangi ya kutu. Sasa kibovu ni klorini au maji? Na watoto waingie au wasiingie?

Fundi Bomba:
Klorini haina kosa mkuu, maji yako yana chuma. Kule chini hakuna hewa kwa hiyo chuma kinakaa kimeyeyuka kama chumvi, hukioni. Kikija juu kikakutana na oksijeni au klorini kinageuka kutu, tena chembe ndogo ndogo sana zinazopita kwenye katriji kama hazioni kitu. Hata usingetia klorini yangebadilika tu, ila taratibu. Hakikisha hivi: chota maji ya kisima sasa hivi kwenye ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, koroga, subiri. Yakigeuka kahawia umeshapata jibu. Ndio maana kumwaga na kujaza upya ni kazi bure, umerudisha chuma kile kile. Na wala hakihitaji kuwa kingi, miligramu 0.3 tu kwa lita tayari kinaanza kuacha madoa kwenye nguo na masinki.

Mama Tatu:
Mimi nilitumia vitamini C ya unga, ile asidi askobiki, nikaimwaga bwawani maji yakang'aa siku hiyo hiyo, madoa ya pembeni yote yakaondoka. Jaribu hiyo baba mapacha usijisumbue.

Fundi Bomba:
Dada Mama Tatu hujakosea ila hujamaliza hadithi, ulipotia klorini tena ilikuwaje? 😄 Vitamini C inakirudisha chuma kwenye hali yake ya kuyeyuka, macho hayakioni lakini kimo humo humo. Tena inakula klorini yote, kwa hiyo unabaki na maji yanayong'aa yasiyo na kinga. Kwa madoa kwenye plastiki ni nzuri sana, kwa kusafisha maji ni kuficha vumbi chini ya mkeka.

Mama Tatu:
Haya umenipata, wiki iliyofuata yalirudi kahawia 🙈

Msafi wa Mabwawa:
Naungana na fundi. Kuna pia dawa za kufunga madini zisigeuke kutu, zinasaidia ila klorini inazivunja taratibu, inabidi uongeze kila mara, na kwako kutu imeshatoka kwa hiyo umechelewa. Kwa bwawa dogo hivyo mimi ningetoa chuma chenyewe. Maji yako ni kama lita 4,200. Hakikisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) iko kati ya 7.2 na 7.6 na klorini ipo, ili chuma chote kiwe kutu kwanza, maana kilichoyeyuka hakuna kinachokinasa. Halafu chukua ndoo, itoboe matundu mengi chini, ishindilie pamba ya kujazia mito, ile ya poliesta sio pamba ya shambani, iweke juu ya bwawa kwenye ubao, pampu ndogo ya kuzamisha ivute maji iyamwagie ndani ya ndoo yarudi bwawani. Baada ya saa chache pamba inakuwa ya machungwa kabisa, badilisha, endelea. Inachekesha kuitazama lakini inafanya kazi kuliko ile katriji yako. Pampu ikiwa kwenye maji mtu yeyote asiingie, umeme huo.

Ukiona haitoshi tumia shabu, ile ya kutulizia maji machafu. Gramu 50 kwa kila lita 1,000, kwako kama 200, iyeyushe kwanza kwenye ndoo. Toa katriji kabla, usipoitoa itaziba, zungusha maji dakika chache, zima kila kitu, acha usiku kucha. Asubuhi uchafu umelala chini kama tope, unaunyonya kwa mpira taratibu unamwaga nje, USIKOROGE. Shabu inashusha pH kwa hiyo pima tena. Na usije ukachanganya klorini na asidi yoyote kwenye chombo kimoja, gesi yake sio mchezo.

Ile dawa ya kuua uoto yenye shaba achana nayo, unaongeza madini juu ya madini.

Baba Mapacha:
Asanteni sana. Nimejaribu ile ya ndoo nyeupe, kahawia ndani ya dakika chache, kumbe! Nimeanza na pamba toka asubuhi nimebadilisha mara tatu, sasa naona kivuli cha mguu wangu chini. Lile la watoto hamjanijibu.

Msafi wa Mabwawa:
Kutu yenyewe kwenye ngozi haina shida kubwa, itachafua nguo za kuogelea tu. Ila kama huoni sakafu mtoto asiingie kabisa, akizama hutamwona, hilo halina mjadala. Subiri uone chini vizuri na klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita.

Fundi Bomba:
Na unapoongeza maji yaliyopungua usitie moja kwa moja tena. Yapitishe kwenye hiyo hiyo ndoo ya pamba, au kama una tanki yamwage humo kutoka juu yapige hewa, tia klorini kidogo, yaache yatulie siku nzima halafu chota ya juu tu, ya chini mwagia maua.

Baba Mapacha:
Tanki lipo, kesho naanza. Hapa nipo kwenye pamba ya nne, mapacha wamekaa pembeni na taulo mabegani wananiangalia mimi na ndoo yangu.