Kurejea Muscat kutoka Mafia: tuondoke kisiwani Alhamisi au Ijumaa?

Binti Kilindoni

Assalaam alaikum. Naomba ushauri kwa wanaoijua njia hii. Mimi na wanangu watatu tunamaliza likizo yetu nyumbani Mafia, na ndege ya kwenda Muscat inaondoka Dar es Salaam Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Ndege hiyo hatuwezi kuikosa, kwani watoto wanaingia shuleni Jumapili. Kutoka Kilindoni wakala ametuwekea nafasi katika ndege ndogo ya siku hiyohiyo, saa nane na nusu mchana, na kwa kuwa safari ni ya takriban nusu saa, ameniambia kwamba tutafika kwa wakati. Mama yangu ameupenda mpango huo, maana tutakuwa naye hadi baada ya sala ya Ijumaa na chakula cha mchana, ila mimi moyo wangu hautulii.

Yapo mengine mawili. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 16, amejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Utende, na mwalimu wake amempangia mizamo miwili ya mwisho Alhamisi asubuhi. Nimesikia kwamba mzamiaji hapaswi kupanda ndege mara tu anapotoka majini, lakini sijui asubiri muda gani. Aidha, wakala ameniuliza uzito wa kila mmoja wetu, kisha akasema kwamba kila abiria achukue kilo 15 tu katika begi laini. Mama ameshatuandalia nazi, korosho na pweza mkavu. Je, kanuni hiyo hufuatwa kweli, au mtu akilipia ziada anaruhusiwa?

Mwenyeji wa Utende

Waalaikum salaam, dada yangu. Nakusihi usipande ndege ya Ijumaa mchana, na sisemi hivyo kwa kukutisha. Ndege ya kimataifa hutaka abiria awepo uwanjani saa tatu kabla, yaani kwako ni saa tisa alasiri, na saa tisa hiyo ndiyo utakuwa unashuka kwenye ndege ndogo, iwapo imeondoka kwa wakati. Halafu kumbuka kwamba ndege ndogo nyingi za Mafia hutua upande wa Jengo la Kwanza, ambalo ni lile la zamani, ilhali safari za nje huondokea Jengo la Tatu, lililoanza kutumika mwaka 2019. Majengo hayo hayakupakana. Utasubiri mizigo, utatoka nje, utatafuta gari na kuzunguka kwa barabara ukiwa na watoto watatu na mabegi, kisha uanze foleni upya.

Jambo lililonifunza mimi ni mvua ya asubuhi moja ya mwezi wa Aprili. Tulikaa Kilindoni tangu saa mbili tukitazama wingu lililofunika upande wa Rufiji, na rubani hakuruka hadi lilipofunguka, saa saba kasoro. Alifanya sawasawa kabisa. Ila tiketi yangu ya kuunganisha ilikuwa ya kampuni nyingine, iliyonunuliwa peke yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunisubiri wala kunirudishia fedha. Nadhani na za kwako ni tiketi mbili tofauti. Kama ndivyo, ucheleweshaji wowote wa ndege ya kwanza ni hasara yako mwenyewe, na kwa nafasi nne za Muscat hasara hiyo si ndogo.

Ondokeni Alhamisi, mlale Dar es Salaam. Ikitokea ndege ya Alhamisi imeshindikana, bado mtakuwa na Ijumaa asubuhi, na kama hali ya hewa si mbaya baharini, kipo pia kivuko cha kwenda Nyamisati, ambako mtapata gari la kuwafikisha mjini. Mwenye kuondoka Ijumaa mchana hana akiba yoyote ya namna hiyo.

Mzamiaji wa Chole

Nijibu la kijana. Mtu anapozamia, naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta huingia kwenye damu na minofu kwa wingi kuliko kawaida, kwa sababu ya mgandamizo wa maji, nayo hutoka polepole baada ya kupanda juu. Akipanda ndege mapema, mgandamizo wa hewa unapungua na gesi iliyobaki inaweza kufanya mapovu mwilini. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, na hata kupooza. Kanuni inayofundishwa ni kusubiri saa 12 zisizopungua baada ya mzamo mmoja, na saa 18 zisizopungua kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kama huyu kijana. Waalimu wengi, nami nikiwemo, husema siku nzima ya saa 24, hasa kwa mwili unaoendelea kukua.

Wapo wanaojifariji kwamba ndege ya Mafia hairuki juu sana. Hilo lisimpumbaze mtu, kwa sababu jioni yake mnapanda ndege kubwa, na hewa ya ndani ya ndege kubwa angani huweza kuwa nyepesi sawa na ya mlima wa mita 2,400, tena kwa saa kadhaa. Hesabuni kuanzia alipotoka majini hadi ndege ya kwanza.

Mkiondoka Alhamisi, basi mizamo ya mwisho ihamishiwe Jumatano asubuhi. Alhamisi anaweza kuogelea na kutazama samaki kwa miwani na bomba la kupumulia akiwa juu ya maji. Hilo halina madhara. Na kama ameokota matumbawe au makombe, tafadhali mwambie ayaache. Utende na Chole zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari, ambayo ilianzishwa mwaka 1995, na vitu hivyo havichukuliwi.

Karani Mstaafu

Bi. Binti Kilindoni, niliwahi kufanya kazi ya kupokea abiria katika uwanja mdogo wa kisiwa, kwa hiyo naomba nieleze habari ya mizani. Ukiulizwa uzito wako, usione kwamba umevunjiwa heshima. Ndege zinazotumika sana huko, aina ya Cessna Caravan, zina injini moja na huchukua abiria wapatao 12, na uzito wote wa kuruka, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo, haufiki tani 4. Rubani hujumlisha kila kilo, kisha huamua nani akae mbele na nani nyuma, kwa kuwa ndege ikilemea nyuma haitawaliki vizuri. Begi laini linatakiwa kwa sababu mizigo mingi hupakiwa katika sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, ambamo sanduku gumu haliingii.

Ziada huweza kukubaliwa kwa malipo iwapo nafasi imebaki, lakini hilo hujulikana dakika za mwisho. Taja uzito wa kweli, pamoja na wa watoto. Nimeona abiria wakipunguza kilo kwa kuona haya, na mimi nililala na wasiwasi siku hizo.

Binti Kilindoni

Nawashukuru sana, kaka zangu na wewe mzee wangu. Nimezungumza na wakala, na ametuhamishia Alhamisi saa nane na nusu. Mwalimu wa Utende naye amekubali mizamo iwe Jumatano, na atamaliza saa tano asubuhi, hivyo mwanangu atakuwa amesubiri zaidi ya saa 27.

Mama hakufurahi kuikosa Ijumaa, lakini nilipomweleza habari ya mapovu alinyamaza kidogo, kisha akasema wali wa nazi utapikwa Alhamisi. Pweza na korosho tumezipima, zinaenea katika mabegi yetu. Nazi tutaziacha.