CG125 iliyofeli ukaguzi, GN125 iliyopita safi, YBR125 yenye maangalizo: ipi nichukue?

Mpanda_Taratibu

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa kusoma karatasi. Natafuta pikipiki ya zamani ya cc 125 ya kwenda kazini na kurudi, kama kilomita 30 kwa siku, lami mwanzo mwisho, mara mojamoja nabeba mtu. Nimebakiwa na tatu, na kila muuzaji amenipa ripoti ya ukaguzi wa usalama barabarani. Nanakili zilivyo:

Honda CG125 ya 1998, km 41,200. IMEFELI wiki tatu zilizopita. Breki ya mbele haina nguvu ya kutosha, taa ya breki haiwaki ukibana mkono (kwa mguu inawaka), usukani unashika ukiwa katikati. Mwaka jana ilipita ikiwa na km 37,900, angalizo moja: breki ya mbele inapungua nguvu. Mwaka juzi km 34,800, safi.

Suzuki GN125 ya 2001, km 12,600. IMEPITA mwezi uliopita, haina angalizo hata moja.

Yamaha YBR125 ya 2007, km 33,500. IMEPITA. Maangalizo: cheni imelegea, tairi ya nyuma inakaribia kikomo, shokapu ya mbele kushoto ina unyevu wa oili.

Mimi moyo uko kwa GN. Na nadhani iliyofeli ndiyo ya kwanza kuitupa nje, au nakosea?

Kiki_Moja

GN ya 2001 imetembea kilomita 12,600 tu? Ilikuwa inalala kabatini? Muombe ripoti ya nyuma kabla hujaanza kuota unaipanda.

Fundi_Goroli

Ndugu, tuanze na karatasi yenyewe inasema nini. Mkaguzi anaangalia taa, honi, breki ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, tairi, rimu na spoku, beringi, usukani, shokapu, cheni, fremu, egzosi, na namba kama zinalingana na hati. Basi. Hafungui injini. Hajui klachi imebaki kiasi gani, hajui gia ya tatu inaruka, hajui ringi zimekwisha. Pikipiki inaweza kupita asubuhi na kunywa oili jioni. Na hicho alichokiona ni hali ya siku ile tu.

Sasa tazama CG imefeli kwa nini. Breki ya mbele ya ngoma, swichi ya taa ya breki, na goroli za usukani. Hakuna kilichogusa fremu wala injini. Hivyo vitatu ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua, na hakuna spea ngumu hapo. Usukani kushika katikati maana yake goroli zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, kwa kuwa muda mwingi usukani unakaa sawa na kila shimo la barabarani linagonga palepale. Ukikaza nati haiponi. Unabadilisha vikombe na goroli zote, unatia grisi, kwisha.

Cha kufurahisha zaidi ni zile kilomita: 34,800, 37,900, 41,200. Kila mwaka elfu tatu na ushee, hazirukiruki. Huyo mtu alikuwa anaitumia na anaipeleka kukaguliwa. Kosa lake ni kwamba aliambiwa mwaka jana breki inapungua, akanyamaza. Hilo mkumbushe mkikaa kwenye bei.

YBR uliza kama ile cheni iliandikwa na mwaka juzi pia. Angalizo moja likijirudia miaka miwili linakueleza tabia ya mwenye pikipiki kuliko linavyoeleza pikipiki.

DadaSelfu

Mimi nina YBR mwaka wa sita sasa, kwa hiyo mtanisamehe nikiitetea. Mnampeleka mwenzetu kwenye breki ya ngoma mbele wakati YBR ina diski? Siku ya mvua, gari limekukatia mbele, ndipo utajua diski ni nini. Pia ina shafti ya kusawazisha ndani ya injini, mtetemo mdogo, mkono haufi ganzi. CG ukiikimbiza inakutikisa mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu.

Cheni iliyolegea inakazwa kwa spana mbili. Tairi inabadilishwa. Unyevu wa oili ni sili ya shokapu, nayo inabadilishwa. Vyote hivyo ni vitu vya kuisha. Mbona za CG mnaziita ndogo na za YBR mnaziita tabia?

Fundi_Goroli

Dada, hapo umenibana vizuri. Diski nakubali, na shafti ya kusawazisha nakubali. Hoja yangu ni moja tu, je, cheni ililegea mwaka huu au imelegea miaka mitatu? Cheni ikikimbia imelegea inakula meno ya sproketi zote mbili, na inaanza kuwa na sehemu iliyokaza na sehemu iliyolegea. Ikifika hapo kukaza hakusaidii, unanunua seti nzima. Mpanda_Taratibu, ukienda kuiona, shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuja kwako. Ikiachana na meno ukaona mwanga, imekwisha.

Kingine: YBR za 2007 kuna za kabureta na kuna za injeksheni, inategemea iliuzwa soko gani. Ya injeksheni inataka betri yenye afya, maana pampu ya mafuta inakula umeme. Usitegemee kusukuma ikiwa betri imekufa kabisa.

Mzee_wa_Platini

Wajukuu, mnaongea CG kama mnaongea baiskeli. Ngoja niwaambie.

CG ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Wakati huo Honda walishajua kutengeneza injini zenye kemshafti (shafti inayofungua valvu) juu na cheni ya taimingi inayoizungusha, lakini hii wakairudisha kwenye vijiti vya kusukuma valvu, kwa makusudi. Walimlenga mtu asiyebadili oili kwa wakati, anayebeba mizigo kuliko ilivyoandikwa, asiyegusa kitu mpaka kizime. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Haina hata filta ya oili ya kubadilisha. Kuna wavu wa kuchujia, na kuna kikombe kinachozunguka na krankshafti kikirusha uchafu pembeni ugande humo. Wavu unauosha. Kile kikombe mafundi wengi hawajui hata kama kipo, kwa sababu mpaka ufungue kifuniko cha upande wa klachi.

Lakini sikilizeni na ubaya wake. Oili inayoingia ni karibu lita 1 tu. Hakuna akiba. Ikipungua robo umebaki na kidogo sana, na injini hiyo inapoa kwa hewa na kwa oili hiyohiyo.

Kingine, masikio. CG nzima inatiktika kama cherehani. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Wauzaji wanazikaza ili injini inyamaze mteja aifurahie, valvu haifungi vizuri, inaungua. CG inayopiga kelele kidogo nunua. Iliyonyamaza kabisa, ondoka.

Cheni yake imefunikwa yote, ndiyo maana inadumu. Ila kifuniko hichohicho kinamficha mkaguzi. Kwa hiyo ripoti kutotaja cheni kusikufurahishe, pana kizibo cha mpira kwenye kifuniko, kitoe uchungulie mwenyewe.

Kiki_Moja

Shikamoo mzee. Hiyo ya valvu kukazwa nilikuwa siijui, na nilishanunua moja iliyonyamaza. 😅 Haikumaliza miezi minne.

Mzee_wa_Platini

Marahaba. Pole.

Mpanda_Taratibu

Wakuu, nimempata mwenye GN. Amenitumia ripoti ya zamani, ya miaka mitano iliyopita. Ilipita. Ila kilomita zinasomeka 18,950. Ya sasa 12,600. Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu.

Kiki_Moja

Kumbe inarudi utotoni.

DadaSelfu

Tusimhukumu mtu haraka. Dashibodi ya GN ni ya mshale, inazungushwa na waya kutoka tairi ya mbele. Ikiharibika watu wanafunga nyingine iliyotumika, na kilomita zinakuwa za pikipiki ya wenyewe. Hilo peke yake si wizi. Swali ni kwa nini hakusema mpaka ulipoomba ripoti.

Fundi_Goroli

Sawasawa kabisa. Na mimi la mita linanisumbua kidogo tu, linalonisumbua ni miaka mitano bila karatasi. Pikipiki iliyosimama muda mrefu tangi linashika kutu ndani, jeti za kabureta zinaziba, sili zinakauka, tairi zinakuwa ngumu zikiwa bado na kashata (michoro ya tairi) nzuri ya kumridhisha mkaguzi. Angalia tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.

Nyingine: GN kemshafti iko juu kwenye kichwa cha silinda. Ikiendeshwa oili ikiwa pungufu, huko juu ndiko kunakoumia kwanza, na mkaguzi haoni. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Ukifika ukakuta injini ina joto, ujue imeshachangamshwa kabla hujaja, rudi siku nyingine bila taarifa.

Sisemi GN ni mbaya. Ni nyepesi kuendesha, kiti kiko chini, ina selfu, ina diski mbele. Ningekuwa na historia ya hii iliyonyooka ningekwambia uichukue bila kusitasita. Kupita safi bila angalizo hata moja kwa pikipiki ya umri huo kunanifanya niiangalie mara mbili.

Mtoto_wa_Gereji

Naongezea kwenye CG. Breki ya ngoma ikipoteza nguvu si lazima viatu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) viwe vimekwisha. Tazama pembe kati ya waya na ule mkono mdogo pale kwenye ngoma. Ukibana breki, pembe inatakiwa iwe karibu na nyuzi 90. Mtu akiukaza waya mwaka hadi mwaka bila kufungua, pembe inazidi, unabana kwa nguvu zote na ngoma haipati kitu. Mara nyingi pia kile kipini kinachosukuma viatu kimekauka grisi. Fungua, safisha, piga msasa viatu kama vimeng'aa, paka grisi kidogo kwenye kipini (kidogo! ikifika kwenye viatu umeharibu kazi), badilisha waya kama umechakaa. Ngoma ya CG ikiwa sawa inasimamisha pikipiki vizuri kwa mwendo wa kwenda kazini. Diski haiifikii, hapo dada yuko sahihi.

Na linganisha namba ya injini na hati. Injini za nakala za muundo huo zimejaa, nyingi zina alama ya 156FMI. Ukiikuta kwenye ya 1998 uliza ilibadilishwa lini na kwa nini.

Mpanda_Taratibu

Nimerudi baada ya siku kumi na moja, samahanini kwa ukimya.

YBR niliiona kwanza. Cheni nilivyoivuta niliona mwanga, tena wa kutosha. Meno ya nyuma yamechongoka kama ya papa. Ripoti mbili za nyuma zote zimeandika "cheni imelegea". Dada nisamehe, injini ilikuwa tamu kweli na nilikaribia kuichukua hivyohivyo, lakini ukijumlisha seti ya cheni, tairi na sili za shokapu muuzaji hakutaka kushuka.

Mwenye GN nilifika asubuhi bila taarifa, akasema ufunguo uko kwa kaka yake. Sikurudi.

CG nimeinunua. Injini ilikuwa baridi, iliwaka kiki ya pili, ikatiktika kama alivyosema mzee. Namba zinalingana. Kuchungulia kwenye kizibo nikakuta cheni ina mafuta mpaka vidole vikachafuka. Breki ilikuwa kama alivyosema Mtoto_wa_Gereji, ule mkono umepita kabisa nyuzi 90 na viatu vimefika mwisho wa alama, kwa hiyo nimeweka vipya na waya mpya. Vikombe vya usukani vilikuwa na vishimo unavihisi kwa ukucha. Jana imekaguliwa tena, imepita, angalizo moja: breki ya mbele bado haijazoea ngoma.

Nina swali moja. Swichi ya taa ya breki ya mkono nimeweka mpya, lakini taa inawaka nikibana sana, nikibana kidogo haiwaki. Ya mguu nimeona ina nati ya kurekebisha. Ya mkono sioni pa kurekebisha. Nifanyeje?

Mtoto_wa_Gereji

Ya mkono haina nati. Angalia ile sehemu ya leva inayoigusa swichi, kwa umri huo lazima imelika. Leva mpya, tatizo linaisha. Usiijazie gundi kama nilivyowahi kufanya mimi.