Tupeane uzoefu: kongamano la elimu ya nyumbani kwa gari, watoto wote, na hema juu ya buti

Mama Tumaini, Clarkston, Georgia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwezi wa tatu ukiingia tu, simu zinaanza: Mama Tumaini, mwaka huu mnaenda kongamano? Mnalala wapi na watoto wote hao? Nimeona tuyakusanye mahali pamoja, kila mtu aeleze alivyofanya, ili familia zinazoanza zisikate tamaa kwa sababu ya bei ya hoteli.

Maana kikwazo kikubwa ni hicho. Wengi wetu tunaosomesha nyumbani tunaishi kwa mshahara mmoja, kwa kuwa mzazi wa pili ndiye mwalimu. Kongamano linaanza Alhamisi mpaka Jumamosi, hoteli za katikati ya mji ziko juu, na ukiwa na watoto wanne unaweza kuambiwa uchukue vyumba viwili. Hapo watu wanaghairi. Sisi bila hema tusingefika.

Great Homeschool Conventions wana kongamano Greenville, South Carolina, ambako kwetu ni karibu zaidi, lakini tulichagua la Cincinnati. Barabara ya I-75 inatoka hapa Atlanta na kupanda moja kwa moja: Chattanooga, Knoxville, milima ya mpakani, Lexington, mpaka unavuka mto Ohio. Ni kama maili 460. Na watoto, usiimalize kwa siku moja. Tuliikata katikati tukalala Cumberland Falls, karibu na Corbin, Kentucky.

Hapo lazima nipaeleze. Maporomoko yale yana kimo cha futi 68 hivi. Usiku wa mwezi mpevu, mbingu ikiwa safi, mvuke wa maji unatoa upinde wa mvua wa mwezi. Macho hayauoni na rangi saba kama ule wa mchana. Ni utepe mweupe unaoanzia chini ya maporomoko na kupinda juu ya mto. Baba yao alikuwa amepanga tarehe ya safari kwa kalenda ya mwezi. Tulisimama tumejifunga mablanketi, kitinda mimba mgongoni ndani ya kanga, na wa pili akauliza kwa nini hauna rangi. Tukaongea palepale jinsi jicho linavyohitaji mwanga wa kutosha ndipo litofautishe rangi. Hakuna ukurasa wa sayansi wanaoukumbuka kama usiku ule.

Kesho yake tukasimama Williamstown kwenye ile Safina ya Nuhu iliyojengwa kwa vipimo vya Biblia na kufunguliwa 2016. Urefu wake ni futi 510. Mwanzo 6:15 inasema dhiraa 300. Kijana wangu mkubwa akagawa: futi 1.7, yaani inchi 20.4 kwa dhiraa moja. Akachukua utepe wa kupimia nguo, akampima baba yake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akapata inchi 18 na nusu. Sasa dhiraa hii ni mkono wa nani? Jioni kwenye meza ya kambi tukafungua Ezekieli 40:5, ambapo dhiraa inazidi ile ya kawaida kwa upana wa kiganja, kisha tukasoma kwamba Wamisri nao walikuwa na dhiraa fupi na ya kifalme. Mtoto ambaye kwa kawaida namsukuma kwenye desimali alikuwa anadai daftari mwenyewe.

Pale Safina wanafundisha kwamba dunia ina miaka elfu chache tu. Kuhusu hilo familia za Kikristo hazisemi sauti moja, na sisi nyumbani tuliwaambia watoto hivyo wazi. Haikutuzuia kufurahia kazi ya maseremala.

Siku zote hizo nimeziandika kwenye kumbukumbu za masomo. Georgia inataka siku 180 kwa mwaka, saa nne na nusu kila siku. Safari ya namna hii inazijaza bila kujilazimisha. Nawaachia na ninyi.

Baba Baraka, Nashville

Amina, dada. Sisi njia yetu ni I-65, na kituo chetu ni Mammoth Cave. Ni pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya maili 420 zimekwisha kupimwa. Ndani ni nyuzi kama 12 za Selsiasi mwaka mzima, kwa hiyo hata kama nje kuna joto, watoto wabebe masweta.

Lakini sikuwapeleka kwa ajili ya mawe tu. Nilitaka wamjue Stephen Bishop. Alikuwa kijana mtumwa aliyeletwa pale 1838 kuongoza wageni. Ndiye aliyevuka shimo ambalo waliomtangulia waliishia ukingoni mwake, akafungua njia za mbele ambazo hakuna mgeni aliyekuwa amezifikia. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango kwa kumbukumbu ya kichwa chake, ikachapishwa 1844. Mtu ambaye sheria ilimhesabu kama mali ya mtu mwingine! Vitabu vyetu vya historia vya mwaka ule havikuwa na hata mstari mmoja juu yake. Kaburi lake liko mwendo mfupi tu kwa miguu. Jiwe linasema alikufa 1859, ilhali kumbukumbu nyingine zinaonyesha 1857, na binti yangu hakukubali kuondoka mpaka tumejadili jiwe linawezaje kukosea. Nikamwambia swali hilo ndilo kazi ya mwanahistoria.

Angalizo kwa wanaotoka huku: Mammoth Cave iko kwenye saa za Kati, Cincinnati iko kwenye saa za Mashariki. Njiani unapoteza saa nzima. Mkitakiwa kule saa tisa alasiri, kwenu kambini hiyo ni saa nane. Pangeni chakula na kuondoka kwa kufuata hilo.

Siku zenyewe za kongamano tulilala Big Bone Lick, upande wa Kentucky, mwendo wa nusu saa na kidogo kutoka mjini. Pana uwanja wa mahema, pana nyati wa Marekani wanaofugwa palepale, na ndipo William Clark alipotumwa na Rais Jefferson 1807 kuchimba mifupa ya tembo wa kale. Unarudi jioni kichwa kimejaa mihadhara, watoto wanakimbilia kuona nyati. Hoteli haikupi hicho.

Nuru, Dayton

Shikamooni. Nina swali la chakula. Mnapika nini? Mume wangu hali mikate siku tatu.

Mama Tumaini

Marahaba, mdogo wangu. Maharage nachemsha nyumbani, nayagandisha kwenye mifuko, yanakaa kwenye kasha la barafu na kusaidia kupoza vingine. Jioni ni kuunga tu kitunguu na nyanya kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo. Ugali unapikika vizuri, ila chukua sufuria nzito na mwiko wako. Chapati napika siku ya kuondoka. Maandazi ndiyo yanayookoa asubuhi, kwa sababu saa mbili mnatakiwa muwe barabarani na hakuna muda wa kuwasha moto.

Mama Furaha, Louisville

Ndugu zangu, nitasema la kwetu. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Tuliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Kigoma, na watoto wangu wawili wakubwa walizaliwa pale. Mume wangu alipoleta habari ya kulala kwenye hema, mama mkwe alinyamaza siku nzima. Halafu akaniita jikoni, akasema: "Mwanangu, mimi nimelala chini ya turubai la UNHCR mvua ikininyeshea. Sirudi huko kwa hiari yangu."

Sikumlaumu hata kidogo. Naomba wenye wazazi waliopitia kambi wasilichukulie jambo hili kirahisi, wala wasiwabembeleze mbele ya watoto. Tulitafuta uwanja wenye vibanda vya mbao, vyenye kitanda na mlango wa kufunga, tukamkodia kimoja, hema letu tukalisimamisha mbele yake. Usiku wa kwanza alitoka na kiti chake akakaa motoni. Mjukuu akamuuliza, bibi, na kule mlikuwa mnaota moto? Akajibu kwamba kuni zilikuwa za kuhesabu, na wanawake walizifuata mbali kwa hofu. Akaendelea. Akasema walivyovuka ziwa Tanganyika, nani alibaki mji wa Baraka, nani alizaliwa njiani. Mimi ni mkwe wake na mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Mume wangu alirekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Mwaka huo somo letu la historia lilikuwa hilo: watoto waliandika kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza, wakachora ramani kutoka Uvira mpaka Louisville. Kwenye kongamano nilisikia mihadhara mizuri juu ya kufundisha historia kupitia familia, na nilikuwa nakaa pale nikijua tayari tumeanza.

Petro, Cincinnati

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni Wakatoliki, mke wangu anawafundisha watoto nyumbani. Je, tutajisikia wageni kule?

Baba Baraka

Milele na milele, amina. Kaka, wahubiri na wauza vitabu wengi ni Waprotestanti, hilo utaliona. Lakini hisabati ni hisabati, na utazikuta familia za kila aina. Chagua mihadhara ya ufundishaji: mtoto anayechelewa kusoma, namna ya kufundisha watoto wa umri tofauti mezani pamoja. Hiyo inamfaa kila mtu. Wewe uko palepale mjini, huna hata haja ya hema.

Wanjiku wa Ruaka

Salamu kutoka Kenya. Huku tuko wachache, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, kwa hivyo wengi wetu hatupigi kelele. Ndiyo maana kukutana kuna uzito. Mtoto wangu alikuwa anadhani ni yeye peke yake Kenya nzima anayesoma na mamake mezani.

Mkutano wetu ulikuwa Naivasha, familia chache, kila mtu na hema lake kando ya ziwa. Tulishuka kwa barabara ya chini, ya Mai Mahiu, tukasimama kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara ile ile. Watoto waliingia, wakahesabu viti, tukasali, tukaendelea. Usiku viboko walitoka majini kula nyasi nje ya ua wa umeme, unasikia kabisa wakitafuna. Mpangeni watoto kwenda chooni mapema, na mtu asivuke ua kwa sababu yoyote.

Kwenye hifadhi ya Hell's Gate, jirani na ziwa, watoto waliendesha baiskeli katikati ya pundamilia, na hilo nawashauri. Lakini wazazi, lile korongo la ndani msilichezee wakati wa mvua. Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla pale, na Septemba 2019 wakafa watu wengine 7. Maji yanatoka mbali juu, hata pale mlipo kukiwa na jua. Kiongozi wetu alitazama mawingu upande wa milima akasema leo hatuingii, na hakuna mzazi aliyebisha. Tulibaki kwa baiskeli.

Nuru, Dayton

Asante Mama Furaha, nimelia. Sasa, kuhusu vitabu. Nasikia ukumbi ni mkubwa mpaka unachanganyikiwa.

Mama Tumaini

Ni kweli, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Siku ya kwanza usinunue. Zunguka, shika, funua, uliza bei, andika. Kitabu kwenye mtandao kinaonyesha jalada; pale unakifungua katikati.

Ushauri wangu kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu: usiangalie kitabu cha mwanafunzi, chukua kile cha mwalimu. Fungua somo la katikati ya mwaka, lisome kwa sauti ya chini ukiwa umesimama pale mezani. Kama umelielewa mara moja na unaona namna ya kumweleza mtoto kwa Kiswahili, kiweke kwenye orodha. Kama umelazimika kurudia aya mara tatu, kirudishe, hata kama kimesifiwa na kila mtu, kwa sababu hiyo aya utakutana nayo asubuhi ya Februari umechoka na mtoto analia. Kuna seti moja yenye picha za kuvutia sana niliyoirudisha hivyo, nikachukua nyingine ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo tunaitumia hadi leo.

Pia wafanyie watoto mtihani wa kupima kiwango nyumbani kabla ya safari, wachapishaji wengi wanautoa bure. Darasa la nne la huyu si la nne la yule. Na Jumamosi mchana baadhi ya wauzaji hupunguza bei, hawataki kurudi na maboksi.

Baba Baraka

Niongeze ya njiani kabla watu hawajafunga mizigo.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Kuna mdudu anayeua miti inayoitwa ash kwa Kiingereza, aligunduliwa Michigan 2002 na ameenea sana kwa kusafirishwa ndani ya kuni. Nunueni palepale kambini, au zile zilizokaushwa kwa joto na kuwekewa alama.

Mnaotoka Georgia, kati ya Chattanooga na Knoxville, karibu na mto Hiwassee, ukungu ni mzito sana baadhi ya asubuhi. Desemba 1990 magari 99 yaligongana pale na watu 12 wakafa. Siku hizi kuna mitambo ya kuonya na taa za kupunguza mwendo. Mkiziona zinawaka, zitiini. Bora mfike kwenye mji mnywe chai kuliko kuwahi.

Na Aprili ya Kentucky ni mwezi wa radi na vimbunga. Mkifika kambini, kabla hata ya kusimamisha hema, muulizeni mlinzi watu wanakimbilia wapi tahadhari ikitolewa. Mara nyingi ni jengo la mabafu la zege. Waonyesheni watoto kwa miguu, mkiwa na mwanga. Simu iwe na chaji na sauti iwe juu usiku.

Mama Furaha, kile kibanda cha bibi kina ngazi? Mama yangu ana magoti.

Mama Furaha

Ngazi mbili tu, Baba Baraka, na pana pa kushikilia. Ila ombeni mapema, mwezi wa kwanza, vinajaa. Na bafu liwe karibu, hilo uliza kwa simu usitegemee ramani yao.