Joto na mwanga wa kizimba cha mjusi-chui: nianze na kipi?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Tunaishi Leicester, Uingereza, na binti yangu amepewa mjusi-chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene. Kizimba chake ni cha kioo, chenye urefu wa sentimita 60. Dukani tuliuziwa mkeka wa joto usio na thamostati (kidhibiti joto), balbu nyekundu ya kuwaka usiku kucha, na kipimajoto cha mshale cha kubandika kiooni. Kipimajoto kinasoma nyuzi 27, lakini leo ni siku ya tano mjusi hajagusa nyenje hata mmoja, na jana nilipoweka kiganja sakafuni juu ya mkeka niliuondoa haraka. Usiku tunazima hita za nyumba na chumba hushuka hadi nyuzi 16. Mimi nimekulia Tanga, ambako mjusi kafiri hakuwashiwa taa na mtu. Yeye ndiye aliyeifuata taa ya baraza. Naomba kuelimishwa: ninunue taa gani, na je, anahitaji kweli mionzi ya urujuanimno (UV) ilhali hutoka gizani?

Jibu la kwanza

Kaka, kabla hujanunua chochote, chomoa mkeka huo sasa hivi, na usiku huu iache hita ya chumba hicho ikiwaka. Mkeka usio na thamostati unaweza kupanda joto kupita kiasi, na mjusi anaweza kuulalia hadi tumbo likaungua. Mgeuze taratibu umtazame ngozi ya tumbo. Ukiona wekundu au lengelenge, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia.

Mjusi kafiri wa Tanga alifuata wadudu waliovutwa na taa, na joto alikuwa nalo tayari hewani. Huyu wako asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, ambako hujificha chini ya jiwe lililopigwa jua mchana kutwa na kutoka magharibi inapoingia. Kwa hiyo kizimba kiwe na pande mbili: upande wa moto, ambapo jiwe analolalia lifike nyuzi 34 hadi 36 mchana, na upande wa baridi wenye nyuzi 22 hadi 26, kila upande ukiwa na pango lake. Akikosa joto hawezi kusaga chakula, na akikosa pa kupoa hujikunyata pembeni asile, ndiyo maana siwezi kukuambia kwa mbali kipi kimempata wako.

Mimi hutumia balbu ya halojeni juu ya jiwe bapa kwa saa 12, kisha usiku naiachia kauri ya joto isiyotoa mwanga, ili kusishuke chini ya nyuzi 18. Balbu nyekundu irudishe dukani. Mjusi huiona, na usiku wake hauwi usiku tena. Kipimajoto cha mshale nacho kinakupa joto la kioo tu. Nunua cha dijitali chenye waya, kichwa chake ukilaze pale pale anapolaza tumbo.

Jibu la pili

Kuhusu urujuanimno, wapo wengi waliofuga miaka mingi kwa kupaka wadudu unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, ile ambayo mwili huitengeneza ukipata mionzi hiyo, na wanyama wao hawakupinda mifupa. Hata hivyo mimi naipendelea taa hafifu ya mrija, ya zile zinazotengenezwa kwa wanyama wa kivulini, kwa kuwa mjusi huyu hutoa mkia au mguu nje ya pango na kujipatia mwanga kidogo kidogo. Isiwekwe nyuma ya kioo, kwani kioo huzuia mionzi hiyo. Kama wako ni albino, uwe mwangalifu zaidi, maana macho yao hayavumilii mwanga mkali. Lakini si jambo la wiki hii, joto kwanza.

Jibu la tatu

Mimi ni fundi umeme, nami naongeza mawili. Thamostati zinatofautiana: halojeni inataka ile inayofifisha mwanga, kwa sababu ile ya kuwasha na kuzima itaifanya ipepese na kuungua mapema, ilhali mkeka unaridhika na hiyo ya kuwasha na kuzima. Kauri nayo huwa moto wa kuunguza. Ifungwe kwenye soketi ya kauri, kamwe isiwe ya plastiki, na izungushiwe kikapu cha waya. Gharama isikutishe: balbu ya wati 50 kwa saa 12 hula uniti 0.6 tu.

Mwulizaji

Ahsanteni sana. Tumbo lake ni salama. Tumefunga halojeni ya wati 50 na kauri, kila kimoja na thamostati yake, na binti anaandika vipimo daftarini asubuhi na jioni: jana jiwe lilikuwa nyuzi 35, upande wa pili 26, jambo linalonionyesha kwamba sentimita 60 ni fupi, hivyo tunatafuta kizimba cha 90. Usiku wa tatu alikula nyenje wawili. Balbu nyekundu dukani wameikataa kwa kuwa boksi limefunguliwa.