Nakuru tunaibiwa Aprili, Agosti ni kuhesabu tu

Wakuu, jambo hili la mchujo wa chama, ile kura ya ndani ya kumpata mgombea, nimekaa nalo tangu 2022 nikidhani nimesamehe. Kumbe wapi. Jumapili iliyopita natoka kanisani, nakuta gari la vipaza sauti limeziba stage yetu, kijana mmoja ananing'inia mlangoni anagawa kalenda zenye picha yake. Anataka kuwa MCA, mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini mwenzetu keshaanza, na si yeye peke yake. Kwenye nguzo za stima kutoka kwetu hadi mjini nimehesabu nyuso saba zinazonichekea. Nikachukua kalenda (karatasi nzuri, itafunika daftari la mtoto), nikamuuliza swali moja tu: "Mchujo wa chama chenu utapigwa kwa sajili gani, orodha gani ya wanachama?"

Akacheka. Akaniambia, "Mzee wangu, hayo waachie wakubwa."

Hapo ndipo donda likatoneshwa.

Kwa wasioijua siasa ya huku: chama kikishashika wimbi Nakuru, mwenye tiketi yake anaweza kulala Julai nzima na bado akawa na nafasi kubwa ya kuamka mheshimiwa. Wenzetu wa Kisumu wamelipa jambo hili hata jina, wanaita kupiga suti, yaani kura zote kwa chama kimoja: koti, suruali na kizibao vyote kitambaa kimoja, usichanganye. Sisi tunawacheka, na huku tunavaa suti ileile ya rangi nyingine. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe, ule wa kuchagua mtu kati ya watu, tunaufanya siku ya mchujo. Na siku hiyo ndiyo isiyo na mwenyewe. Karani ni wa chama, karatasi ni za chama, hesabu ni ya chama, na ukilalamika, mahakama ya kwanza ni chama.

Sasa sikilizeni yaliyotukuta. Wadi sitaitaja, chama sitakitaja, maana sina wakili na sitaki kuitwa mahali.

Jirani yangu wa ploti ni mwalimu wa chekechea katika shule ndogo ya kibinafsi. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka tisa. Ni mtu wa kufuatilia mambo: bomba la majitaka likipasuka ndiye wa kwanza kwenda ofisini, na haondoki mpaka mtu aandike jina lake kitabuni. Mwisho wa 2021, mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji ile tarehe 1 Desemba, akina mama wa chama chake cha kuweka akiba wakamwambia, wewe simama. Akasimama. Tume ya uchaguzi, IEBC, 2022 ilimtoza mgombea wa MCA shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chama cha siasa kilitaka mara kadhaa ya hizo. Walichanga. Mmoja aliuza kuku, na hiyo si methali, nilimwona akitoka nao kwenye kikapu.

Siku ya mchujo ikafika, Aprili, mvua ile ya masika isiyojua adabu. Tuliambiwa kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Tukafika. Sanduku lilifika saa saba mchana kwa nyuma ya gari dogo, probox, bila polisi, limekaliwa na kijana anayekula mahindi. Tukanyamaza, tukajipanga, matope hadi kwenye vifundo vya miguu.

Zamu yangu ikafika. Karani akapitisha rula kwenye orodha, akarudia, akaniambia, "Baba, wewe humu haumo." Nina kadi ya chama mfukoni! Nikatolewa kando, kijana mmoja akanisaidia kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa simu yake. Naam, mwanachama mimi ni, lakini wa chama kingine kabisa. Chama ambacho sijawahi kuhudhuria hata mkutano wao wa kugawa unga. Mtakumbuka Juni 2021 Wakenya walivyoanza kujiangalia wakajikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua, malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nilisoma habari hizo nikasema masikini watu hao. Kumbe nami nilikuwa mmoja wao. Nambari yangu ya kitambulisho ilitoka wapi? Kila mlango wa jengo mjini una askari mwenye daftari anayeandika nambari ya kitambulisho. Kila mkutano wa kupewa nauli una karatasi ya kutia sahihi. Mimi sitamwonyesha mtu kidole, lakini daftari hizo haziliwi na panya zote.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni kwamba nikiwa nimesimama pale kando kama mtoto aliyefukuzwa karo, matatu mbili zikaingia uwanjani. Wakashuka watu ambao katika miaka yangu yote mtaani sijawahi kuwaona hata dukani. Wakaenda mbele ya foleni. Wao kwenye orodha walikuwemo, wote, mmoja baada ya mwingine, rula haikurudia mara mbili.

Kura zikahesabiwa usiku darasani kwa mwanga wa tochi za simu. Na pamoja na hayo yote mwalimu akaongoza kituo chetu! Watu waliimba. Wakala wake akaomba nakala ya matokeo, akaambiwa fomu zimeisha, matokeo yakaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, na karatasi hiyo ikaondoka na probox. Siku mbili baadaye tukasikia cheti kimeshatolewa Nairobi. Kimepewa mtu ambaye kwa hesabu za mawakala wote tuliowauliza alikuwa wa tatu.

Mwalimu akapanda gari la usiku kwenda kukata rufaa. Sheria inasema mzozo wa mchujo unaanzia kwenye kamati ya chama chenyewe, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Ukiwa na pesa za wakili, hiyo ni ngazi. Ukiwa mwalimu wa chekechea, ni ukuta. Alikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya chama siku mbili na chupa ya chai. Siku ya pili jioni akaitwa, akaulizwa, "Fomu ya matokeo iko wapi?" Ndiyo, fomu ile ile waliyomnyima. Dakika nne, akatoka. Aliniambia jambo moja tu kuhusu safari hiyo, kwamba waliompokea walikuwa na heshima sana. Sijui kwa nini neno hilo linaniudhi kuliko yote.

Kuna watakaosema ni kiti cha wadi tu, mbona kelele. Basi niwaambie kiti hicho ni nini, maana hata wale saba wa kwenye nguzo sidhani wanajua. Nakuru ina wadi 55. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wetu kutoka serikali kuu ulikuwa kama shilingi bilioni 13, wa pili nchini baada ya Nairobi. Wanaoketi kuipitisha bajeti hiyo na kumuuliza gavana imeliwa wapi ndio hao. Taka, majitaka, masoko, zahanati, barabara za mtaani, chekechea, leseni ya kibanda chako: kaunti. Yule wa kalenda yeye alituahidi kituo cha polisi na shule ya sekondari, vitu ambavyo Katiba imeviweka kwa serikali kuu. Ni kama kinyozi kukuahidi kung'oa jino.

Mwingine, huyu mtu mzima, anajinadi kwamba akipita atakuwa "sauti yetu katika jiji". Jiji gani, bwana? Tangu 2013 hatuna meya wala diwani wa kumchagua. Jiji linaendeshwa na bodi na meneja. Bodi inateuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Mimi na wewe hatuipigii kura popote. Kwa hiyo mkono wetu pekee unaoweza kugusa jiji hili unapitia kwa gavana na kwa MCA, na hao wawili wanapikwa kwenye mchujo. Ukiibiwa mchujo umeibiwa na jiji.

Na tusijifanye malaika. Usiku wa kuamkia mchujo ule pesa zilitembea, mia mbili mbili, na mtaani kwetu zilipokelewa. Mimi nilipokea. Nilijidanganya kwamba ni kodi yangu mwenyewe inanirudia. Mwalimu hakugawa kitu, na wapo waliomnunia kwa hilo, wakamwita mchoyo.

Ninachotaka si maajabu. Katiba, kifungu cha 88, imeipa IEBC kazi ya kudhibiti namna vyama vinavyoteua wagombea wao, na chama kikitaka kinaweza kuiomba isimamie mchujo wenyewe. Basi kiombe! Kama hakitaki, kibandike sajili ukutani wiki mbili kabla, tujitafute kukiwa na mwanga. Kila wakala aondoke na fomu, hata ikiwa ya daftari, iwe na sahihi ya karani. Na wakubwa wakiamua ni tiketi ya moja kwa moja, bila mchujo, waseme Januari, wasisubiri watu wauze kuku.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kwa nini hakusimama kama mgombea huru. Katiba inataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa wadi awe na sahihi za wapigakura 500. Sahihi angezipata kabla ya chakula cha mchana. Pesa ndizo zilikuwa zimeisha. Na baada ya ukumbi ule, nadhani mwili nao ulikuwa umeisha.

NYONGEZA YA PILI: Aliyeniita mpambe wa upinzani, karibu ploti yetu uone kama kuna mpambe anayechota maji kwa jerikeni.

Jana nimemuuliza mwalimu kama 2027 atasimama tena. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto, hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe kwanza umeshatoka kwenye chama chako kile?" Niliandika barua ya kujiuzulu Mei 2022, nikaandika nyingine mwaka uliofuata, zote nimepeleka kwa mkono na nakala zina muhuri. Usiku nikaingia eCitizen kuangalia.

Bado nimo.

Sasa aliyekuwa wakala au karani katika mchujo wa Aprili 2022 huku kwetu, na alipiga picha karatasi yoyote ya matokeo, hata iliyofifia, aniandikie pembeni. Mwalimu hajaomba. Naomba mimi.