Swali likipigwa na kundi moja likawashinda wengine, lifutwe?

Mleta mada

Wakuu habari za saa hizi. Jana kwenye grupu letu la walimu kulikuwa na ubishi mkali, jamaa mmoja kashikilia kwamba swali lolote la mtihani ambalo kundi fulani wanalipata sana na wengine wanalikosa ni swali la kibaguzi, lifutwe, hakuna cha kujadili. Mi napinga, na napinga kwa kesi ambayo Wamarekani walishaipigania mpaka mahakamani.

Huko Illinois kulikuwa na mtihani wa leseni ya mawakala wa bima, unaandaliwa na ETS, shirika la Marekani la kutunga mitihani, hawa hawa wenye TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza. Mwaka 1976 kampuni ya bima inaitwa Golden Rule ikafungua kesi kwamba mtihani unawaonea weusi, mambo yakaenda weee mpaka 1984 ndo wakamalizana nje ya hukumu. Walichokubaliana: wakati wa kuchagua maswali, yatangulizwe yale ambayo pengo kati ya weupe na weusi waliopata halizidi pointi 15 za asilimia. Ukisikia hivyo unasema haki imetendeka. Sasa jiulize, kama kundi moja limesoma shule ambazo mwalimu wa hesabu hayupo, si watalikosa hata swali la hesabu lililotungwa vizuri kabisa? Ukilifuta hujamsaidia mtu, umefunika tu kwamba hawakufundishwa. 1987 mkuu wa ETS mwenyewe, Gregory Anrig, akasema wazi kwamba yale makubaliano yalikuwa kosa.

Njia ya maana ni kulinganisha watu wenye alama sawa. Mfano wa kubuni: wavulana 100 na wasichana 100, wote wamepata 30 kati ya 50. Swali la 17 ni la asilimia lakini limetungwa kwa habari ya ofsaidi na penati. Wavulana 60 wamelipata, wasichana 40. Hawa uwezo wao kwa mtihani mzima ni ule ule, kwa nini hapa waachane? Chukua 60 kwa 40 ya wavulana, gawanya kwa 40 kwa 60 ya wasichana, inakuja 2.25, wakati kama swali halina tatizo ingekuwa karibu na 1. Unafanya hivyo kwa kila ngazi ya alama, wa 29, wa 31, wote, afu unaunganisha. Hiyo ndo njia ya takwimu inayoitwa Mantel-Haenszel, ilitoka 1959 kwenye utafiti wa kansa, Holland na Thayer wa ETS wakaihamishia kwenye mitihani miaka ya 80. Kwa kipimo chao hiyo 2.25 ni kama 1.9, na ikivuka 1.5 na imethibitika sio bahati tu, swali linaenda daraja C, yaani halitumiki mpaka kuwe na sababu nzito.

Mchangiaji 1

Mkuu hesabu zako nzuri ila unawatetea hao jamaa sana. Si ndo hao hao wa SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, waliouliza mkimbiaji kwa marathoni ni sawa na nani kwa nini, jibu mpiga makasia kwa regatta, yaani mashindano ya mashua? Takwimu zinazonukuliwa kila siku ni weupe 53% walipata, weusi 22%. Mtoto wa Chicago mtaani regatta kaionea wapi, labda ungempa mtoto wa Lamu anayejua resi za mashua. Mimi hapo sihitaji fomula.

Mleta mada

Na maswali ya aina hiyo yaliondolewa SAT 2005 mkuu. Ila angalia, hilo umelikamata kwa sababu linaonekana kwa macho. Mengi hayaonekani. Mara nyingi jopo la wataalamu likipewa maswali liseme lipi lina upendeleo, wanayotaja wao na inayotaja hesabu hayalingani, tena swali likishanaswa wanakaa kuumiza kichwa kwa nini limenaswa.

Mchangiaji 2

Mimi tatizo langu liko kwingine kabisa. Unasema walinganishwe wenye alama sawa, alama za mtihani gani? Huo huo unaoutuhumu! Mizani ya dukani ikiwa imechezewa, utapima mifuko yote ya sukari na yote itakubaliana. Hiyo hesabu inanasa swali lililojitenga na wenzake, lakini kama maswali yote yanaegemea upande mmoja, haioni kitu. Najua kuna kusafisha, unatoa maswali yaliyoshukiwa unajumlisha alama upya unarudia, lakini bado unazunguka ndani ya mtihani ule ule.

Na Freedle, aliyewahi kuwa mtafiti wa hapo hapo ETS, aliandika 2003 kwamba ukilinganisha weusi na weupe wenye alama sawa za SAT, weusi wanafanya vizuri zaidi kwenye maswali magumu ya lugha na vibaya kwenye mepesi. Maelezo yake ni kwamba maneno mepesi ni ya nyumbani na mtaani, kila jamii ina matumizi yake, ila neno gumu wote wamelikuta kitabuni. Dorans wa ETS akamjia juu, lakini 2010 watafiti wengine, Santelices na Wilson, wakachukua data za California na kwenye maswali ya lugha wakauona mwelekeo ule ule kwa weusi na weupe.

Sasa leta huku kwetu. Mtoto wa shule ya serikali kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kidato cha nne anafanya baiolojia kwa Kiingereza, swali la kwanza mpaka la mwisho. Hiyo Mantel-Haenszel yako itanasa nini hapo?

Mleta mada

Itanasa kidogo sana, na sibishi, labda yale yenye maelezo marefu kuliko mengine. Hapo inabidi utoke nje ya mtihani: chukua waliopata alama sawa kidato cha nne, wa serikali na wa ingilishi midiamu, uwafuatilie kidato cha sita na chuo. Kama wa serikali wanawapita wenzao kila mara, basi ile alama ilikuwa inawapunja. Ila hata hapo huwezi kufuta swali moja moja, ugomvi unakuwa wa lugha ya mtihani mzima, na jamaa wa grupu letu hajagusa huko kabisa, yeye kang'ang'ana na swali moja moja kama lile la 17.