Katuni za enzi ya filamu bubu: Felix au Koko? Mkanda au diski?

Kitunguu_Maji: Wakuu salaam. Nataka kuanza kukusanya katuni bubu. Nimekwama kati ya paka Felix na chale Koko, na sijui nichukue mkanda wa filamu wa milimita 16 au diski yenye picha zilizosafishwa. Mfuko wenyewe mwembamba. Wazoefu mje.

FundiProjekta: Felix, tena mkanda. Otto Messmer ndiye aliyemchora tangu 1919, ingawa sifa alizila mwenye studio, Pat Sullivan. Tazama ule mkia: unang'oka unakuwa fimbo, mara ndoano, mara alama ya kuuliza. Nakala za kutazamia nyumbani zilitolewa nyingi, hivyo hutasumbuka kumpata. Ila nyingi zimekatwakatwa. Zilizotiwa muziki baadaye ndiyo balaa: njia ya sauti imemega picha upande mmoja.

BiMkasi: Felix mtamu, sikatai, lakini Koko ana vituko! Yule chale anatoka kwenye wino, anamsumbua Max Fleischer palepale mezani, mwisho anarudishwa chupani. Na anatembea kama mtu kweli, maana Dave, mdogo wake Max, alivaa nguo za chale akapigwa filamu, kisha wakachora juu ya picha zake moja baada ya moja.

Mzee_wa_Reli: Mnamsahaulisha kijana usalama. Mikanda ya zamani ya milimita 35 ni naitreti, plastiki inayowaka upesi, zikishika moto hata maji hayazimi. Usiguse. Milimita 16 zilianza 1923 zikiwa salama, ila ukifungua kopo la mkanda likanuka siki, ujue mkanda unaoza, lirudishe kwa mwenyewe. Halafu soma ukingoni: Kodak walichapa vialama vya duara, mraba na pembetatu kuonyesha mwaka wa mkanda. Vinajirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo muuzaji asikuuzie nakala ya 1947 kwa bei ya 1927.

BiMkasi: Na diski msiidharau. Mjerumani Lotte Reiniger alikata kwa mkasi vivuli vya filamu ya Prince Achmed, hadithi za Alfu Lela Ulela zilezile, ikatoka 1926. Negativu yake, yaani mkanda wa awali wa kutolea nakala, iliangamia Berlin 1945. Hiyo utaitafuta wapi kwenye kopo? Diski tu.

Kitunguu_Maji: Shukrani wakuu. Kuna mtu anauza Felix ya futi 100, kama dakika nne hivi. Namwomba picha za ukingo kwanza.

FundiProjekta: Muulize pia kama ina matundu ya kuvutia mkanda pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja tu, huenda hiyo ni ya sauti.